Losheni ya jua kwa watoto wachanga na watoto wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wazazi na walezi wa watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka 10 hivi, wakiwemo wanaolea mtoto mwenye ualbino. Majibu mengi yana msimamo mmoja: kivuli, nguo na kofia ndivyo vinavyomkinga mtoto, na losheni huziba sehemu ambazo vitu hivyo vimeziacha wazi. Anayeanza na losheni na kusahau nguo hutumia pesa nyingi na bado mtoto huungua.

Mtoto anaweza kuanza kupakwa losheni ya jua akiwa na umri gani?

Miezi 6. Kabla ya hapo ngozi yake ni nyembamba, na eneo la ngozi ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo kinachopakwa juu hupenya kwa wingi zaidi kuliko kwa mtu mzima. Tena mtoto mchanga hatoi jasho vizuri, hivyo joto la jua humdhuru hata pale ngozi isipoungua. Mtoto wa chini ya miezi 6 akae kivulini, avae nguo nyepesi inayofunika mikono na miguu, na kofia.

Ikiwa hakuna namna ya kukwepa jua, mathalani mko kwenye mtumbwi au kwenye foleni ya wazi, paka kiasi kidogo sana cha losheni ya madini (yenye zinki oksidi au titani dioksidi) kwenye uso na migongo ya viganja tu, kisha uioshe mkifika kivulini. Usimpake mwili mzima.

Mwanangu ni mweusi. Kweli anahitaji losheni?

Kwa mahitaji ya kila siku, ya kwenda shule na kucheza uani, kwa kawaida hapana. Melanini, rangi ya asili ya ngozi nyeusi, inatoa kinga inayokadiriwa kufikia SPF 13 hivi (SPF ni namba ya kinga dhidi ya jua inayoandikwa kwenye losheni), huku ngozi nyeupe ikiwa na kinga ya karibu 3. Saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra kwa watu weusi. Kama bajeti ni ndogo, nunua kofia kwanza.

Hali hubadilika mtoto anapokaa juani kwa saa nyingi mfululizo: siku nzima ufukweni, safari ya mlimani, mashindano ya shule uwanjani. Mtoto mweusi naye huungua. Wekundu hauonekani kirahisi, lakini ngozi huwa ya moto, huuma ikiguswa, na baada ya siku chache hubabuka. Wapo pia watoto weusi wanaohitaji losheni kwa sababu ya afya: wenye barasi, kwa kuwa mabaka meupe hayana melanini kabisa, wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na wanaotumia dawa zinazofanya ngozi ichukie jua. Miongoni mwa dawa hizo ni doksisaiklini na kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin. Usimwachishe mtoto dawa kwa ajili ya jua. Mfunike zaidi, na umweleze daktari.

Na mtoto mwenye ualbino?

Hapa mambo ni tofauti kabisa. Kwake losheni ni sehemu ya matibabu, ya kila siku, mwaka mzima, hata mawingu yakitanda. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, na saratani ya ngozi ndiyo inayowaondoa wengi wao mapema. Saratani yenyewe haianzi ukubwani: jua linaloharibu ngozi ni lile la utotoni, na mabadiliko ya ngozi yanaweza kuonekana kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi.

Kuanzia miezi 6 apakwe kila asubuhi kabla ya kutoka nje. Kabla ya hapo fuata utaratibu wa mtoto mchanga mwingine yeyote, ila kwa ukali zaidi: kivuli, nguo za mikono mirefu, soksi, kofia. Ngozi yake ikaguliwe na mtaalamu wa ngozi angalau mara mbili kwa mwaka. Kati ya ziara hizo mkague mwenyewe mara moja kwa mwezi mwanga ukiwa mzuri: uso, ncha za masikio, mdomo wa chini, shingo kwa nyuma, mikono. Madoa ya kahawia yaliyo bapa ni alama kwamba jua limekuwa likimpata. Ngozi iliyokwaruza isiyoisha, kigaga kinachorudi palepale, au kidonda kisichopona ndani ya wiki 4 ni jambo la kupelekwa hospitali, na si la kupakwa dawa ya duka.

Macho nayo yanahitaji kivuli. Kofia ya pama yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi kuzunguka pande zote inasaidia ngozi na macho kwa pamoja. Kapelo huacha masikio na shingo wazi, na masikio ni miongoni mwa sehemu zinazoota saratani kwa wingi. Miwani iwe na maandishi ya UV400, yaani inazuia mionzi ya jua. Kioo cheusi kisicho na kinga hiyo ni kibaya kuliko kukosa miwani, kwani mboni hupanuka gizani na mionzi huingia zaidi.

Nisome nini kwenye kopo kabla ya kununua?

Vitu vitatu, na vyote viwepo.

Kwanza SPF. Namba hii hupima kinga dhidi ya mionzi ya UVB, ile inayounguza. SPF 15 huzuia karibu asilimia 93 ya mionzi hiyo, SPF 30 asilimia 97, SPF 50 asilimia 98. Chukua 30 au zaidi. Kwa mtoto mwenye ualbino 50 ni bora ikipatikana. Usilipe bei mara mbili kwa ajili ya SPF 100: tofauti ni ndogo, na namba kubwa huwafanya watu wapake kidogo na kukaa juani muda mrefu.

Pili, kinga dhidi ya UVA, mionzi inayopenya ndani zaidi na kupita hata kwenye kioo cha dirisha la gari. SPF haisemi lolote kuhusu hiyo. Bidhaa za Marekani huandika "Broad Spectrum". Za Ulaya huwa na herufi UVA ndani ya duara. Za Asia huandika PA ikifuatiwa na alama za kujumlisha, na kadiri zinavyoongezeka hadi nne ndivyo kinga inavyokuwa kubwa.

Tatu, uwezo wa kustahimili maji na jasho, "Water Resistant". Kwenye bidhaa za Marekani utaona dakika 40 au 80. Huo ndio muda ambao kinga hudumu mtoto akiwa majini. Hakuna losheni isiyotoka kabisa.

Baada ya hapo tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya mamlaka ya viwango. Tanzania, tangu 2019, vipodozi vinasimamiwa na TBS. Kenya ni KEBS. Maandishi "Kids" au "Baby" hayana maana maalumu. Mara nyingi losheni ya watoto na ya wakubwa ni ileile ndani ya chupa yenye picha tofauti. Geuza chupa usome viambato.

Viambato gani ni salama zaidi kwa mtoto?

Zinki oksidi na titani dioksidi, ambazo kwenye kopo huandikwa "zinc oxide" na "titanium dioxide". Hizi ni poda za madini. Hukaa juu ya ngozi, haziwashi kwa kawaida, na huanza kukinga mara zinapopakwa. Zinki oksidi huzuia UVA vizuri kuliko titani, hivyo kama chupa ina kimoja tu, chagua yenye zinki. Ubaya wake ni weupe unaobaki juu ya ngozi. Kwa ngozi nyeusi weupe huo unaonekana sana, lakini una faida moja: unaona ulipopasahau.

Kundi la pili ni kemikali zinazonyonya mionzi: avobenzone, octocrylene, octinoxate, oxybenzone na nyingine. Hazina weupe, ila huwasha macho na baadhi huleta mzio. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipendekeza viambato 16 vilivyokuwa sokoni vipangwe upya. Zinki oksidi na titani dioksidi zilikubaliwa kuwa na ushahidi wa kutosha, PABA na trolamine salicylate zilikataliwa, na 12 zilizobaki ziliambiwa zilete taarifa zaidi. Watafiti wa mamlaka hiyo walionyesha, 2019 na 2020, kwamba kadhaa kati ya kemikali hizo huingia kwenye damu. Kuingia kwenye damu hakuthibitishi madhara, na kuungua na jua ni madhara yaliyothibitishwa. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: kwa mtoto wa chini ya miaka 2 tafuta ya madini. Kwa mkubwa zaidi, kama ya madini haipatikani, iliyopo itumike, ukikwepa oxybenzone, ambayo kwenye bidhaa za Ulaya huandikwa "benzophenone-3".

Epuka pia yenye manukato.

Ya tyubu, ya kipande kigumu au ya kupuliza?

Ya tyubu kwa mwili. Kipande kigumu cha kusugua ni kizuri kuzunguka macho, puani na masikioni kwa sababu hakitiririki na jasho. Pitisha mara nne mahali palepale. Ya kupuliza isitumike kwa watoto: huvutwa mapafuni, huishia hewani penye upepo, na huwezi kujua umempaka kiasi gani. Nyingi pia hushika moto kirahisi, jambo la hatari nyumba yenye jiko la mkaa uani.

Nipake kiasi gani?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na ndipo wengi hukosea. SPF ya kwenye chupa hupimwa maabara kwa miligramu 2 za losheni kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Nyumbani watu hupaka nusu ya hapo au chini. SPF 30 iliyopakwa nusu hufanya kazi ya SPF 15 au pungufu.

Kwa mtoto wa miaka 5 hesabu ni hii. Akiwa na nguo ya kuogelea tu anahitaji takribani mililita 13 hadi 15, yaani vijiko vitatu vya chai, kila unapompaka. Akivaa fulana ya mikono mifupi na kaptula, kijiko kimoja, mililita 5. Akivaa mikono mirefu, suruali, kofia na viatu, kinachobaki ni uso, masikio, shingo na viganja: mililita 2, chini ya nusu kijiko.

Tazama maana yake kwa mfuko. Tyubu ya mililita 100 humtosha mtoto wa nguo ya kuogelea kwa kupakwa mara saba hivi. Mtoto wa kaptula anayepakwa mara mbili kwa siku ataimaliza kwa siku 10. Aliyevaa mikono mirefu na suruali ataitumia zaidi ya wiki tatu. Kwa familia inayopata losheni kwa shida, suruali na shati la mikono mirefu ndiyo njia ya kuifanya losheni itoshe.

Mtoto wa mwaka mmoja huhitaji karibu vijiko viwili vya chai kwa mwili mzima, wa miaka 10 zaidi ya vinne. Ili macho yako yazoee kiasi, nunua famasi bomba la mililita 5 lisilo na sindano, vuta losheni, uiweke kiganjani mara moja au mbili.

Nipake vipi? Mtoto analia na kukimbia.

Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, ndani ya nyumba, kabla ya kumvalisha. Nguo zikitangulia, kingo za kola na mikono huachwa, na mistari ya kuungua hutokea hapohapo.

Ngozi iwe kavu. Kama huwa unampaka mafuta ya mwili, tanguliza mafuta, subiri yanyonywe dakika 10, kisha losheni. Mafuta yakija juu huitelezesha losheni na kuikusanya mahali pamoja.

Weka matonematone kwenye eneo lote kwanza, halafu sambaza. Ukiweka bonge moja katikati ya shavu na kulivuta, katikati pana nyingi na pembeni hamna kitu. Usisugue mpaka ipotee, acha tabaka. Anza na sehemu zinazosahaulika, ukiwa bado na losheni nyingi mkononi: ncha na nyuma ya masikio, shingo kwa nyuma, mistari ya nywele zilizosukwa, juu ya miguu anayovalia kandambili, nyuma ya magoti. Kope zisipakwe, kofia ndiyo kinga yake. Mdomo upakwe zeri ya midomo yenye SPF.

Mtoto wa miaka 3 na kuendelea mpe tone ajipake mkono mmoja wakati wewe unampaka mwingine. Kisha pitia alichopaka, maana atakuwa ameacha nusu.

Nirudie baada ya muda gani?

Kila saa mbili akiwa nje, na mara moja akitoka majini, akijifuta kwa taulo au akitokwa jasho sana. Aliyeshinda darasani anapakwa asubuhi na tena kabla ya mapumziko ya mchana. Kurudia hakuongezi muda wa kukaa juani, kunarudisha tu kinga iliyotoka.

Nilimpaka na bado akaungua. Kwa nini?

Kwa kufuatana na ukubwa wa tatizo: losheni ilikuwa kidogo, haikurudiwa, alipakwa akiwa tayari juani, sehemu zilisahaulika, losheni iliharibika kwa joto au ilipita tarehe, bidhaa ilikuwa bandia. Losheni iliyotengana maji na mafuta, yenye chembechembe au harufu ya mafuta mabovu, itupwe.

Jua la hatari ni la saa ngapi?

Kwa kawaida kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, ila saa za ukutani hazilingani na jua. Dar es Salaam na Mombasa jua hufika juu kabisa karibu saa 6:20 mchana. Kigoma, iliyo magharibi lakini inatumia saa ileile ya Tanzania, hufika karibu saa 7. Ng'ambo ya mpaka, Bujumbura na Kigali, ambako saa iko nyuma kwa moja, ni karibu saa 6 kamili. Kwa hiyo tumia kivuli cha mtoto: kikiwa kifupi kuliko urefu wake, mwingize ndani au mfunike.

Ukanda wetu uko karibu na ikweta, na wakati wa mchana kipimo cha mionzi ya jua (UV Index) mara nyingi hupita 11, ilhali kinga inashauriwa kuanzia kipimo cha 3. Baridi si kinga. Mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mtoto aliyevaa sweta Mbeya au Nairobi anapigwa na mionzi mikali usoni bila kuhisi joto. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Mchanga mkavu wa pwani hurudisha juu karibu asilimia 15, kwa hiyo hata chini ya mwavuli mtoto anafikiwa.

Kivuli nacho hutofautiana. Mwembe uliosongamana ni kivuli. Mnazi si kivuli.

Nguo ipi inakinga?

Inua nguo mbele ya mwanga. Ukiona vidole vyako kupitia kitambaa, mionzi inapita vilevile. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba hutoa kinga ya 5 hadi 7 tu, na ikilowa hushuka zaidi, ndiyo maana watoto hubabuka mabegani wakiogelea na fulana. Kitenge kizito, jinzi, na vitambaa vya rangi nzito vilivyofumwa kwa kubana hukinga vizuri kuliko vyeupe vyepesi. Kanga moja ni nyepesi. Ikunjwe mara mbili. Nguo za kuogelea zenye alama ya UPF 50 (UPF ni kipimo cha kinga ya kitambaa) ni nzuri, na hutumika miaka kadhaa kwa kurithishana.

Kwa sare za shule, ombeni mikono mirefu na kofia kwa mtoto mwenye ualbino hata kama wengine hawavai. Afya ya ngozi yake ni sababu tosha, na barua ya daktari husaidia mwalimu mkuu asisite.

Nambeba mgongoni. Nimfunike vipi?

Mbeleko hufunika kiwiliwili, lakini kichwa, uso wa upande mmoja na nyayo hubaki nje, na upande unaoelekea jua ni uleule safari nzima. Mvalishe kofia yenye kamba chini ya kidevu na soksi, na ushike mwavuli. Usimfunike uso kwa kanga ili kumkinga jua: hewa hukosekana na joto hupanda haraka. Kadhalika usitandaze kanga juu ya kigari cha mtoto kikafungika pande zote.

Mafuta ya nazi, Vaseline, mafuta ya karoti, liwa, kalamini: vinafaa?

Kama kinga ya jua, hapana. Mafuta ya nazi, ya alizeti na ya karoti yana kinga ndogo mno. Mafuta ya mgando hulainisha tu. Liwa hupendezesha na kuburudisha ngozi, lakini hakuna aliyepima unene wa tabaka ulilopaka. Kalamini na krimu ya nepi zina zinki oksidi, na hapo wengi hudanganyika: poda ikiwa haikusagwa na kusambazwa sawasawa, inaacha matundu yasiyoonekana. Ndiyo sababu pia hatushauri kuchanganya poda ya zinki na mafuta nyumbani.

Ndimu ni hatari kabisa. Maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, huleta malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Mtoto aliyechezea ndimu anawe mikono na mdomo kabla ya kutoka.

Kliniki walisema nimwoteshe jua mtoto apate vitamini D. Si ni kinyume na haya?

Si kinyume. Jua la asubuhi, kabla ya saa 3, kwa dakika chache, miguu na mikono ikiwa wazi na macho yakiwa kivulini, huwasaidia watoto wengi weusi wa Afrika Mashariki. Usimpake mafuta na kumwanika saa 5. Losheni inavyotumika majumbani haizuii vitamini D yote, kwa kuwa hakuna anayepakwa kila mahali.

Wanaohitaji matone ya vitamini D ni mtoto mwenye ualbino anayefunikwa kila wakati, na mtoto wa familia zinazoishi Ulaya, Kanada au Marekani, ambako ngozi nyeusi haipati jua la kutosha msimu wa baridi. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri yuniti 400 kwa siku kwa mtoto mchanga anayenyonya. Muulize daktari wa mtoto.

Manjano ya mtoto mchanga ni suala jingine. Macho au nyayo zikiwa njano, peleka hospitali siku hiyohiyo. Jua la uani si tiba.

Kuna krimu yenye SPF inayoandikwa inang'arisha. Nimpake?

Usimpake kamwe. Krimu za kung'arisha zimekutwa mara nyingi na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hupita kwenye ngozi na kudhuru figo na ubongo wa mtoto.

Ameilamba, au imeingia machoni.

Kulamba kidogo hakuna hatari kubwa: futa mdomo, mpe maji au titi. Akimeza nyingi anaweza kutapika; usimtapishe kwa nguvu, nenda naye kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Machoni, mimina maji safi ya uvuguvugu taratibu kwa dakika 10 hadi 15. Wekundu usipopungua, akaonwe.

Nitajuaje kama itamletea vipele?

Paka kiasi cha punje ya maharage ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili. Vipele au mwasho ukitokea, osha na ubadilishe kiambato, sio chapa tu. Vipele vikitokea tu kwenye sehemu iliyopigwa jua baada ya kupakwa, mara nyingi ni mzio unaoamshwa na mwanga, na kemikali kama oxybenzone hushukiwa kwanza.

Ameshaungua. Nifanye nini?

Mtoe juani. Mpoze kwa maji baridi ya kawaida au kitambaa kilicholowa kwa dakika 10 hadi 15, urudie mara kadhaa. Barafu isiguse ngozi. Mpe vinywaji zaidi. Mtoto mchanga anyonye mara nyingi. Kwa maumivu, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku: mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 150, karibu mililita 6 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5. Aspirini asipewe. Dawa ya meno, yai, samli na unga huzuia joto lisitoke na huleta maambukizi. Malengelenge yasipasuliwe.

Nenda hospitali ikiwa ana chini ya mwaka mmoja, ana malengelenge mengi, homa, anatapika, amelegea, au hajakojoa kwa saa 6.

Dawa ya mbu na losheni ya jua, ipi itangulie?

Losheni kwanza, ikauke, kisha dawa ya mbu juu yake. Usinunue bidhaa moja yenye vyote viwili: losheni hurudiwa kila saa mbili, dawa ya mbu hairudiwi hivyo, na mtoto atapakwa DEET, kiambato cha dawa ya mbu, kupita kiasi. DEET haitumiki kwa mtoto wa chini ya miezi 2.

Naihifadhi wapi?

Mahali penye ubaridi, mbali na dirisha. Gari lililofungwa juani huiharibu, na mfuko wa plastiki mweusi ufukweni vilevile. Ifunge ndani ya taulo na uiweke kivulini. Alama ya kopo lililofunguliwa yenye 12M ina maana itumike ndani ya miezi 12 tangu kufunguliwa, basi andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika. Usihamishie kwenye chupa nyingine.

Mtoto mwenye ualbino anapata wapi losheni bila kununua?

Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza losheni iitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki zinazozunguka mikoani. Kenya, losheni hutolewa bure kupitia mpango wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kwa waliosajiliwa, na huchukuliwa kwenye vituo vya afya. Kwingineko, anzia kwa chama cha watu wenye ualbino cha wilaya au daktari wa ngozi wa hospitali ya mkoa, na uulize siku ya kliniki badala ya kusubiri mgao.

Ukiipokea, isigawanywe kwa ndugu wasio na ualbino. Kiasi kinachotolewa hukadiriwa kwa mtoto mmoja. Shuleni aiache kwa mwalimu anayekumbuka saa ya kumpaka, isikae kwenye begi linaloanikwa juani uwanjani. Kwa familia zilizo Marekani, baadhi ya shule huihesabu losheni ya jua kuwa dawa kwa sababu FDA huisimamia hivyo, na huweza kudai idhini ya maandishi ya mzazi au daktari. Fomu ijazwe kabla muhula haujaanza.